Gari la Baba Vifungo Linalia

Nyumba ya Baba Vifungo haijui kimya. Ukipita hapo asubuhi, cherehani mbili zinaimba sebuleni, redio inaongea dirishani, na Bibi anaongea kuishinda redio. Mlango uko wazi siku zote. Mteja akija kupunguza suruali, anawekewa kiti, anapewa chai, anaambiwa nani kagombana na nani. Akiondoka kafurahi, na suruali kaisahau.

Baba Vifungo ni fundi cherehani. Jina kapewa na mtaa, maana mifuko yake haikosi vifungo. Mwombe kalamu, atakupa kifungo. Mkewe naye anashona, na kwa sababu ya mume akaitwa Mama Vifungo. "Niliolewa na mtu mmoja," husema, "nikapewa mkebe mzima."

Bibi ni mama yake Baba Vifungo, na kila mtu, hata wanawe, humwita Bibi. Kazi yake ni kufumua mishono iliyokosewa na kutoa hukumu. Hukumu ni nyingi kuliko mishono.

Na kuna Kitinda, mdogo wake Baba Vifungo, kitindamimba wa Bibi. Baba yao alifariki Kitinda akiwa bado anabebwa mgongoni. Kaka mtu ndiye aliyemlea. Alimshonea sare za shule, akamfundisha kuendesha baiskeli, akamgombeza alipostahili na hata asipostahili. Sasa Kitinda alikuwa anaolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi ile.

Tangu Kitinda akiwa mdogo, kaka alimwahidi jambo moja. "Siku utakayotoka nyumba hii, nitakuendesha mimi mwenyewe, kwa gari langu."

Wakati anaahidi hakuwa na gari. Baadaye akalipata. Lilikuwa kuukuu, rangi yake kama chai iliyozidiwa maziwa, lakini lilipeleka nguo kwa wateja bila kulalamika. Halafu likaanza kulalamika.

Kila Baba Vifungo alipokanyaga breki, magurudumu ya mbele yalitoa sauti kali na nyembamba, kama kisu kinachoburuzwa juu ya sahani. Mbwa walibweka. Watoto wachanga waliamka. Majirani wakalibandika gari jina, wakaliita Shangazi.

"Kwa nini Shangazi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kwa sababu anaanza kusalimia akiwa bado kwenye kona," akajibiwa.

Baba Vifungo alicheka na wenzake. Lakini siku ya Jumatano, Kitinda alipokuwa anajaribu gauni lake sebuleni, mambo yalibadilika. Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, anapima pindo.

"Kaka," Kitinda alisema, "tukifika ukumbini na Shangazi, kila mtu atageuka."

"Si ndiyo kazi ya bibi harusi? Wageuke wamwangalie."

"Watageuka kabla sijafika."

"Watadhani tumeleta mbuzi," Bibi akasema bila kuinua macho kwenye mshono.

Kitinda alicheka. Kisha akashika kitambaa cha gauni, akakikunja, akakikunjua. Alisema kwa sauti ndogo, "Wakwe wamesema wana gari. Halipigi kelele. Wamesema kama tukitaka, watalituma."

Mkasi wa Baba Vifungo ukasimama. Hata Bibi aliinua macho kwenye mshono, na hilo si jambo dogo.

Baba Vifungo aliweka mkasi mezani. "Nawe umewajibuje?"

"Nimewaambia nitauliza nyumbani."

"Waambie asante sana," alisema. "Bibi harusi wetu ana dereva wake. Na hiyo sauti hamtaisikia tena."

Mama Vifungo alitoa pini mdomoni. "Basi mpelekee Dada Spana alitazame."

Dada Spana alikuwa na gereji mwisho wa mtaa. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono mikubwa, na kila mtu alijua kwamba hakuna gari la mtaa ule asilolijua ndani na nje. Mwenyewe alisema hivyo mara nyingi. Alikuwa amemwambia Baba Vifungo zaidi ya mara moja, "Jirani, leta hilo gari. Breki ikilia, ina sababu."

"Dada Spana atalifungua lote," Baba Vifungo alisema sasa. "Jumamosi itanikuta na gari vipande vipande. Na magauni ya wasindikizaji bado hayajaisha. Hapana. Kelele ni kelele. Cherehani ikilia, tunafanyaje?"

"Tunaitia mafuta," Mama Vifungo alijibu. Lilikuwa jibu ambalo mtu yeyote wa nyumba ile angetoa hata akiwa usingizini.

"Mlango ukilia?"

"Mafuta," akasema Kitinda.

"Kitanda changu kilipolia?" akauliza Bibi, akajijibu mwenyewe. "Mafuta. Na nikalala."

Ndivyo walivyoishi. Palikuwa na kopo dogo la mafuta ya cherehani, lenye mdomo mrefu kama wa ndege, na lilikuwa limetibu kila kitu: bawaba, mikasi, mwavuli, hata baiskeli ya posta.

"Na hata watu wa magari husema mafuta ya breki," Baba Vifungo akamalizia. "Kwa hiyo breki nayo hunywa mafuta. Yangu imekaukiwa tu."

Hakuna aliyepinga. Wote walikuwa mafundi cherehani.

Alhamisi asubuhi, Baba Vifungo alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Akaingiza mdomo wa kopo kwenye nafasi za gurudumu, akaidondoshea ile sahani ya chuma inayong'aa ndani. Akazunguka upande wa pili, akafanya vilevile. Kisha akaliendesha gari taratibu mbele ya nyumba, mahali tambarare. Akakanyaga breki.

Kimya.

Akarudia. Kimya kabisa. Akashuka akicheza.

Dada Spana alikuwa anapita kwenda gereji, ovaroli begani. "Leo simsikii Shangazi. Anaumwa?"

"Amepona."

"Nani kamtibu?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa dawa gani?"

"Siri ya fundi," Baba Vifungo alisema, akapiga makofi, akaingia ndani. Dada Spana alilitazama gari, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kuna mteja alikuwa anamngoja.

Mchana, magauni mawili ya wasindikizaji yakawa tayari. Baba Vifungo aliamua kuyapeleka. Mama Vifungo alikaa mbele. Bibi alikaa nyuma, magauni yamelazwa mapajani pake. Hakuwa na shughuli huko. Alitaka tu kuona watu.

Kutoka mtaani kwenda barabara kubwa kuna mteremko. Si mkali sana, lakini ni mrefu. Gari lilianza kushuka. Baba Vifungo akagusa breki.

Gari likaendelea.

Akakanyaga zaidi. Likaendelea.

"Kanyaga breki," Mama Vifungo alisema.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga vizuri."

"Mama Vifungo, nimesimama juu yake."

Bibi aliuliza kutoka nyuma, "Mbona leo tunawahi hivi? Tumechelewa?"

Baba Vifungo alikaza mikono kwenye usukani. Chini kule aliona barabara kubwa na magari yanapita. Akakumbuka gia. Akarudisha gia ya chini, na injini ikanguruma na kulivuta gari nyuma kidogo.

"Breki ya mkono," alimwambia mkewe. "Ivute. Polepole, usiikurupushe."

Mama Vifungo akaishika kwa mikono miwili, akaivuta taratibu kama anayevuta uzi asiukate. Mwendo ukapungua. Kushoto palikuwa na watu wanaojenga ukuta, na mbele ya ukuta lundo la mchanga. Mafundi waashi waliliona gari, wakakimbia pembeni. Baba Vifungo akakata usukani. Gari likapanda mchanga, likazamisha pua, likatulia.

Mchanga ulimiminika taratibu juu ya boneti.

"Mmeumia?" Baba Vifungo aliuliza.

"Sijaumia," mkewe akasema.

Nyuma hakukuwa na jibu. Wakageuka kwa hofu. Magauni yote mawili yalikuwa yamemfunika Bibi kichwani, na kitambaa cheupe kilikuwa kinapanda na kushuka usoni pake.

"Kwani leo naolewa mimi?" sauti ikatoka ndani.

Mama Vifungo alianza kucheka huku machozi yanamtoka. Watu wakajaa. Mtaani habari haihitaji redio: Dada Spana alifika akikimbia, spana ingali mkononi. Kwanza akahakikisha wote ni wazima. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu, akapitisha kidole kwenye ile sahani ya chuma, akakinusa.

"Haya ni mafuta gani?"

Baba Vifungo alitazama viatu vyake. "Ya cherehani."

Dada Spana alikaa juu ya mchanga, akacheka mpaka akajishika mbavu. Waashi nao wakacheka. Baba Vifungo mwenyewe akajikuta anacheka. Kisha Dada Spana akajifuta macho, na uso wake ukabadilika.

"Sasa nisikilize, jirani. Cherehani unataka iteleze, sivyo?"

"Ndiyo."

"Breki unataka nini?"

Baba Vifungo alifikiri. "Nataka isimamishe."

"Inasimamisha kwa kukamata. Hii sahani inaitwa diski. Inazunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga, vibao viwili vinaibana, kimoja huku, kimoja huku. Hivyo vibao ndivyo pedi za breki. Vinaibana kama wewe unavyobana sindano kwa vidole. Sasa paka vidole mafuta, halafu shika sindano."

"Itaponyoka," Mama Vifungo alisema.

"Imeponyoka leo. Mmeteleza mpaka hapa."

"Lakini si kuna mafuta ya breki?" Baba Vifungo aliuliza.

"Yapo. Yanakaa ndani, kwenye mabomba na mipira yake. Ukikanyaga, yanasukuma pedi zikabane. Hayatoki nje, na hayagusi diski hata tone. Ukiyaona nje, ujue kuna hatari nyingine."

Mwashi mmoja akajitolea kulivuta gari kwa lori na kamba. Dada Spana akakataa. "Gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba. Lori likisimama, hili litakuja kulipiga mgongoni. Mpaka gereji ni tambarare tukipita huku kwenye uchochoro. Tulisukume. Mimi nitakaa ndani na breki ya mkono."

Basi likasukumwa. Kila aliyekutana na msafara aliongeza mikono, na kila aliyeongeza mikono aliomba aambiwe kisa tangu mwanzo. Bibi alitembea mbele na magauni begani, akisimulia. Lilipofika gereji, kisa kilikuwa kimeongezeka urefu, na mteremko nao.

Nyumbani Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. Alimkumbatia mama yake kwanza, kisha wifi yake. Alipofika kwa kaka, kaka akamzuia.

"Wapigie wakwe," Baba Vifungo alisema. "Waambie walete gari lao. Ningeweza kukuua na shela lako kichwani."

Kitinda akauliza, "Dada Spana anasema linatengenezeka?"

"Anasema."

"Mpaka Jumamosi?"

"Anasema kesho tu inatosha."

"Basi kesho litengenezwe, nami nije nione. Likisimama vizuri, nitapanda. Lisiposimama, mimi sipandi na wewe hupandi. Tutakwenda kwa miguu wote, Bibi atangulie na hadithi yake."

Ijumaa asubuhi, Baba Vifungo alikuwa gereji kabla ya mwenye gereji. Gereji ile ilikuwa paa la bati juu ya nguzo, sakafu ya saruji yenye madoa, benchi refu la mbao na kalenda iliyochoka. Dada Spana alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Utafanya kazi," alimwambia. "Siwezi kukutazama umekaa kama mkwe."

Wakaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Dada Spana akamwonyesha kulegeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Kisha wakaliinua kwa jeki, wakaweka stendi mbili za chuma chini yake.

"Jeki si imelishika?" Baba Vifungo aliuliza.

"Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndiyo ya kushikilia. Jeki ikichoka, haikuagi. Usiweke hata mkono chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake."

Wakatoa gurudumu. Dada Spana alivaa kitambaa puani, akampa na mwenzake. "Vumbi la breki si zuri kwa kifua. Usilipulize kwa mdomo. Tunalilowesha, tunalifuta."

Huku wanafuta, aliuliza, "Ilianza kulia lini?"

"Wakati wa mvua. Asubuhi tu. Nikikanyaga mara mbili tatu, inanyamaza."

"Hiyo haikuwa na neno. Gari likilala nje, diski inapata unyevu, inaota kutu nyepesi. Ukikanyaga kidogo inafutika. Halafu?"

"Halafu ikawa inalia kila saa."

"Hapo ndipo ulipotakiwa kuja kunywa chai yangu."

Akafungua boliti, akatoa kile chuma kizito kinachobeba pedi. Alisema mafundi wanakiita kalipa. Hakukiacha kining'inie. Alikifunga kwa waya kwenye springi. "Kikining'inia kwa mpira wake, mpira unachanika ndani usione. Kesho unalia tena, safari hii wewe, siyo gari."

Kisha akachomoa pedi, akamwekea kiganjani. Kando yake akaweka pedi mpya. Pedi mpya ilikuwa nene kama kidole. Ile ya zamani ilikuwa imebaki ngozi nyembamba kama sarafu, juu ya bamba la chuma.

"Imelika," Baba Vifungo alisema.

"Imelika kazini. Si kosa lake. Sasa tazama hapa pembeni. Unaona huu ulimi?"

Aliona kipande kidogo cha chuma kilichopinda. Ncha yake ilikuwa inang'aa.

"Waliotengeneza pedi waliuweka makusudi. Pedi ikiwa nene, ulimi haugusi kitu. Pedi ikikonda, ulimi unagusa diski, na unapiga kelele. Ndiyo sauti uliyokuwa unaisikia. Ulikuwa unaambiwa pedi zinakwisha."

Baba Vifungo aliugusa ule ulimi kwa kidole. "Nami nikautia mafuta unyamaze."

"Ukaunyamazisha, na breki ukaichukua pamoja nao."

Akanywa chai kidogo. "Kila sauti si hii. Wakati mwingine ni vumbi au kijiwe kimeingia. Wakati mwingine pedi imelegea mahali pake, au pini zimekauka. Ndiyo maana tunafungua tunatazama, hatubahatishi. Lakini siku ukisikia mkwaruzo mzito, chuma kinakula chuma, usiliendeshe hata nyumba moja. Niite nije."

"Hizi haziwezi kuoshwa?" Baba Vifungo aliuliza, akizipima pedi za zamani kwa jicho la mtu asiyependa kutupa.

"Hata zingekuwa nene, hazioshwi. Pedi hunywa mafuta kama kitambaa. Ukilipata gauni limemwagikiwa mafuta ya mashine, unalifanyaje?"

"Nalia."

"Basi lia, kisha tupa."

Diski ilikuwa bado nzima. Dada Spana alipitisha ukucha kutafuta mifereji, hakuipata. Waliisafisha kwa dawa maalumu ya breki na kitambaa safi, wakarudia kwa kitambaa kingine mpaka kikatoka bila doa. Baba Vifungo alitaka kuanza kufunga pedi mpya upande ule na kuacha upande wa pili, maana pedi za kule zilikuwa nene kidogo.

"Za kule nazo zimekunywa mafuta. Tena wewe huwa unashona gauni mkono mmoja mpya, mwingine mkuukuu?"

"Nitapigwa na mwenye gauni."

"Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. La sivyo upande mmoja utakamata kuliko mwingine, na gari litakuvuta pembeni."

Kisha akatoa kikopo, akachota kitu cheusi kwa ncha ya kijiti. Baba Vifungo akainua nyusi.

"Kumbe mafuta yapo."

"Hii ni grisi ya breki. Haiyeyuki kwa joto. Na tazama naiweka wapi." Akapaka pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. "Hizi zinatakiwa kuteleza. Hapa tu. Ikigusa uso wa pedi au diski, tunarudi kwenye mchanga, na Bibi ataolewa kweli."

Baba Vifungo alisafisha na kufunga upande wa pili mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imezoea vitu vidogo, na Dada Spana hakuwa na la kusahihisha, ingawa alitafuta. Wakarudisha magurudumu. Wakashusha gari, wakakaza nati kwa kupishana, moja hapa, nyingine ng'ambo yake.

"Kama unavyobandika pindo," Baba Vifungo alisema. "Huanzi upande mmoja ukaenda mpaka mwisho. Kitambaa kitakunjamana."

"Umeanza kuwa fundi," akasema Dada Spana.

Akafungua boneti, akamwonyesha chupa ndogo ya mafuta ya breki na alama zake mbili. Mafuta yalikuwa kati ya alama. Baba Vifungo akaingia kwenye usukani, akawasha gari, akataka kuondoka.

"Zima. Kanyaga breki kwanza, gari limesimama."

Akakanyaga. Pedali ikazama mpaka chini. Uso wake ukapauka.

"Usiogope. Tulirudisha nyuma ile pistoni inayosukuma pedi, ili pedi nene zipate nafasi. Sasa inabidi irudi. Pampu. Tena. Tena."

Pedali ikaanza kupanda. Ikakaza. Ikawa ngumu na imara chini ya mguu.

"Wengi husahau hilo," alisema Dada Spana. "Wanatoka gereji na breki mpya, wanagonga nguzo ya gereji. Nguzo yangu inalo kovu."

Wakalipeleka gari kwenye barabara tambarare isiyo na watu. Dada Spana alimwambia aende mwendo wa wastani, kisha apunguze kwa upole, aziache zipoe kidogo, arudie. "Pedi mpya na diski zinatakiwa kuzoeana. Maharusi wapya. Usiwakurupushe."

Walirudi mtaani jua likiwa bado juu. Kitinda alikuwa anawangoja kando ya barabara, mikono kiunoni. Baba Vifungo akaja na gari, akakanyaga. Likasimama mbele yake bila sauti.

"Tena," alisema Kitinda.

Akazunguka, akaja. Likasimama.

"Njoo kwa kasi kidogo."

Likasimama, limenyooka.

"Tena."

Majirani wakaanza kutoa viti nje. Bibi aliletewa chenye mikono. Kila gari liliposimama, watu walipiga makofi, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba ana redio mbovu, Baba Vifungo aitazame na hiyo. Mwisho Kitinda alitembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

"Sasa nipeleke mteremkoni," alisema. "Leo, nikiwa na ndala. Nisingoje kesho nikiwa na shela."

Wakaenda wawili, na Dada Spana kiti cha mbele. Waliposhuka, Baba Vifungo hakuondoa macho barabarani. Akashusha gia mapema, akakanyaga kidogo. Gari likapunguza mwendo kama mtu anayesikia anapoitwa. Katikati ya mteremko akalisimamisha kabisa. Likakaa pale, pua imeelekea chini, halisogei.

Kitinda akatoa simu. "Wakwe? Shikamooni. Naomba kuwaambia, lile gari lenu asanteni sana. Kaka yangu ananileta."

Jumamosi nyumba ilijaa mpaka barazani. Watu walivalia vyumbani, jikoni, na mmoja nyuma ya mlango. Gari lilikuwa limeoshwa na kufungwa utepe mweupe. Kitinda akatoka, na vigelegele vikapanda mpaka redio ikazimwa kwa heshima. Alikaa nyuma pamoja na Bibi. Mama Vifungo alikaa mbele, na pini chache kwenye kola, kwa dharura.

Walikuwa wanashuka mteremko, Kitinda anabishana na Bibi kuhusu shela, limekaa sawa au limekaa kama kilemba. Ghafla mpira ulitoka uchochoroni ukakatiza barabara. Nyuma ya mpira wakaja watoto, bila kuangalia kushoto wala kulia.

Baba Vifungo alikanyaga. Gari likasimama. Palikuwa na nafasi ya mtu mzima kulala kati ya boneti na mtoto wa kwanza.

Mama Vifungo akaweka mkono juu ya mkono wa mumewe.

Nyuma, Kitinda aliinua kichwa. "Kaka, mbona tumesimama?"

"Watoto wanavuka."

"Aa," alisema. "Waache wavuke." Akarudi kwa Bibi. "Kilemba? Hebu nishikie hapa, nikuonyeshe kilemba ni nini."

Baba Vifungo alingoja mpaka mtoto wa mwisho akapita, na mpira ukaokotwa. Watoto walipomwona bibi harusi dirishani, wakaanza kushangilia na kukimbia kando ya gari. Akawaashiria wakae pembeni. Kisha akaachia breki taratibu, akampeleka mdogo wake kwa mumewe.